Viini Vinne na Pweza Aliyeganda

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana, katika chumba cha kompyuta cha shule yetu pale Tanga. Saa naikumbuka kwa sababu niliiandika kwenye shajara jioni ile, na niliiandika kwa sababu ile saa ndogo ya kwenye pembe ya kioo ndiyo iliyokuwa kitu pekee kinachotembea. Vingine vyote viliganda. Pweza wetu wa kuchora aliganda mikono minne juu, minne chini. Kitufe cha kuanzia kiliganda kikiwa kimebonyea. Mkuu wa shule, ambaye tulimwalika wenyewe kwa furaha aje kutazama, alisimama nyuma ya kiti changu akinukia udi, akasubiri, akasubiri tena, kisha akasema kwa upole uliouma kuliko ukali: "Wanangu, pweza wenu amekufa." Mwenzangu Mwanjaa akacheka. Raya, wa tatu wetu, akamfinya. Mimi sikusema kitu, kwa sababu mwaka ule mimi nilikuwa sisemi kitu.

Nimeyakumbuka haya Idd hii, tulipokutana tena sote watatu nyumbani kwa kina Raya, mtaani Nguvumali, baada ya kila mmoja kumaliza kidato cha sita katika shule yake. Tulikaa ukumbini kwenye mkeka, sinia la biriani katikati, na Mwanjaa, ambaye hajabadilika hata chembe, akaweka mkono kiunoni na kumwigiza Mkuu: "Wanangu, pweza wenu..." Raya alicheka hadi punje ya wali ikampalia. Mdogo wake akauliza, "Pweza gani, dada?" nasi tukazidi kucheka. Usiku wa Idd kila mtu alikuwa na lake la kusimulia, hilo letu likapita. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikiwa nalo mkononi kama mtu aliyebebeshwa sahani ya jirani. Nina miaka kumi na tisa sasa, naongea na watu, hata kwenye mikutano naongea, na najua vizuri ni mwaka gani ulionifungua mdomo. Ni ule wa kidato cha tatu, mwaka wa pweza.

Mama yake Mwanjaa huvua pweza kwa miguu huko Ushongo, yeye na wanawake wenzake, maji yakipwa. Kijiji chao hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kisha hupanga siku ya kuufungua, na siku hiyo lazima iangukie bamvua, maji yatoke mbali, tena mchana watu wakiona wanapokanyaga. Mwezi wanaujua wenyewe, hawakuwa na haja ya kufundishwa na watoto wa shule. Walichotaka ni kupanga mapema, mwaka huu na miaka ijayo, siku isigongane na Ramadhani wala harusi ya mtu. Basi Mwalimu Mhando, aliyetufundisha fizikia na ndiye aliyeshika ufunguo wa chumba cha kompyuta, akatutafutia namba za kupwa na kujaa kwa maji ya pwani yetu: mvuto wa mwezi, mvuto wa jua, na vipande vingine vingi vidogo ambavyo vyote hujumlishwa. Nami nikaandika ukurasa wa kufungulia kwenye kivinjari, unaojumlisha dakika kwa dakika kwa miaka kumi na kuchora mstari wa maji. Raya akachora pweza wa kupunga mikono wakati hesabu inaendelea, ili mtu asidhani mashine imelala. Mwanjaa kazi yake ilikuwa kutuambia tumekosea wapi, na aliifanya kwa moyo.

"Shule inapeleka mradi mmoja tu kwenye maonyesho ya mkoa," Mkuu alisema siku ile. "Kama huu haupumui, nawapeleka wale wa sabuni ya mwani. Sabuni angalau inatoa povu. Mwalimu Mhando, mashine hizi zimechoka, usiwachoshe na watoto."

"Nipe wiki tatu, mama," Mwalimu Mhando akasema. "Wiki tatu, halafu sabuni."

Chumba cha kompyuta kilikuwa zamani stoo ya viti, na kilikuwa bado kinanuka mbao zilizonyeshewa. Kompyuta nzuri ilikuwa moja, ile ya dirishani, ambayo ikiwaka feni yake ilikoroma kama mzee aliyeshiba. Tuliingia kila siku baada ya vipindi, na mihogo ya kukaanga tuliyoinunua getini, imepakwa pilipili na ndimu, tuliyoila huku tumeinyoosha mikono nje ya mlango kwa sababu Mwalimu Mhando alikataza chembe yoyote isianguke kwenye kibao cha herufi. Ukuta wa pembeni ulikuwa wa ofisi ya walimu, na juu yake palikuwa na matofali ya matundu, kwa hiyo tulisikia kila kitu. Tulisikia nani amekosana na nani juu ya zamu, nani anataka kuhamishwa, chapati za leo ngumu. Na siku moja tulisikia mwalimu mmoja akisema, "Yule bubu ndiye aliyeandika huo ukurasa? Masikini. Amefika mwisho wa mashine, si kosa lake." Mwenzake akajibu, "Mashine ile ndogo, bwana. Ungemtwisha punda kontena?" Wakacheka, wakaendelea na chapati. Mwanjaa alitaka kupiga ukuta. Mimi nilimshika mkono, kwa sababu nilikuwa natazama kitu kwenye kioo na neno lile la "mwisho wa mashine" lilikuwa limenigonga vibaya.

Kuna kidirisha kinachoonyesha mashine inafanya kazi kiasi gani. Nilikuwa nimekifungua pembeni. Ukurasa wetu ulikuwa umeganda, pweza mkono juu, feni inakoroma, na kidirisha kilisema: asilimia ishirini na tano. Nikafuta kioo kwa kiganja nikidhani ni uchafu. Ishirini na tano. Mtu aliyefika mwisho wa nguvu zake hawezi kuwa ametumia robo. Na wakati nashangaa, Mwanjaa, ambaye kungoja hakukuwa katika tabia zake, akaninyang'anya kipanya, akafungua kichupo kingine cha kivinjari, na kuanza kutazama picha za misuko aliyokuwa ameihifadhi humo. Picha zikafunguka mara moja, laini, kama hakuna kinachoendelea. Kichupo cha kwanza kimekufa, cha pili kinacheza.

"Mwanjaa," nikasema. "Usifunge."

"Haa! Tunu kasema!" akamgeukia Raya. "Andika saa, Raya, andika saa."

Mwalimu Mhando alitufafanulia kesho yake, akiwa ameegemea fremu ya mlango na kikombe cha chai ya tangawizi. Prosesa, yaani ubongo wa mashine ile, ni moja, akasema, lakini ndani mna viini vinne, kama wapishi wanne wenye majiko yao manne. Na kivinjari cha siku hizi mara nyingi hukipa kila kichupo chumba chake, ili kimoja kikianguka kisiviangukie vingine. Kwa hiyo kichupo cha misuko kilipata mpishi mwingine aliyekuwa amekaa bure. Lakini ndani ya chumba kimoja, isipokuwa umesema vingine, mkono ni mmoja. Mkono huo huo unasikiliza kipanya, unachora, unampungisha pweza mikono, na ndio uliokuwa umepewa hesabu yangu ya miaka kumi. "Kwa hiyo viini vitatu vimelala," akasema, "na sijui tutaviamshaje. Mimi nimesoma fizikia, wanangu. Hapo naishia."

Ni Mwanjaa aliyesema anajua. Akaketi, akaufungua ukurasa wetu katika vichupo vinne, akabonyeza kuanza kwenye vyote, haraka haraka, kama mtu anayewasha majiko. Feni ikapiga kelele. Kidirisha kikapanda: hamsini, sabini, mia! Tulishikana mikono tukaruka. Raya alipiga kigelegele, walimu upande wa pili wakanyamaza. Kisha tukangoja, na vichupo vyote vinne vikaganda, pweza wanne wamekufa, na baada ya muda mrefu vyote vinne vikatoa jibu moja lile lile, la miaka ile ile kumi. Tulikuwa tumewaajiri wapishi wanne, kila mmoja akapika chungu kizima cha wali ule ule, kwa wageni wale wale. "Angalau wameshiba," Mwanjaa akasema. Hatukucheka sana. Wiki ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Wiki ya pili dada yake Raya aliolewa, Pangani, na sote tulikwenda kusaidia. Nyumba ya bibi yake Raya ni ya zamani, milango mizito, ukuta mnene kama wa ngome, na uani siku ile mafiga yalipangwa matatu matatu kwa safu, chungu juu ya kila jiko, moshi hadi machozi. Kwenye chungu kikubwa cha pilau alisimama Bi Zaina, shangazi wa ukoo, kanga ameifunga kifuani, mwiko mrefu kama kasia. Nilifundishwa adabu, nikamsogelea nikainamisha kichwa. "Shikamoo, Bi Zaina."

Hakunitazama. Hakugeuza hata jicho. Nilisikia uso wangu unawaka. Lakini kutoka mlangoni pa ua mwanamke mwingine, aliyekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi wala hakuni nazi, akaitikia kwa sauti: "Marahaba mwanangu, yuko chunguni! Karibu, umetoka wapi, umekuja na nani?"

"Amenuna huyo," Mwanjaa akaninong'oneza.

"Hajanuna," Raya akasema. "Kwetu aliye chunguni hasalimiwi. Ukimsalimia, anakuitikia yule wa mlangoni. Wewe unadhani watu mia wakija mmoja mmoja shikamoo, shikamoo, habari za nyumbani, mgonjwa anaendeleaje, pilau itageuzwa saa ngapi? Zamani iliungua. Harusi ya bibi yangu watu walikula wali mweupe, na mpaka leo wanasemwa. Tokea hapo kukawekwa mtu wa mlangoni."

Nilibaki pale pale nikitazama. Watu waliingia, wakatoa salamu, wakaitikiwa. Mtu akaja kuuliza kama nyama imeiva, wa mlangoni akapaza sauti kuelekea chunguni, "Nyama?" na Bi Zaina, bila kugeuka, akajibu neno moja, "Bado," na jibu likapelekwa nje likiwa limepambwa: "Bado kidogo tu kipenzi, kaeni mpate kahawa." Bi Zaina hakutoka kwenye chungu, hakugusa mgeni, hakupokea zawadi. Wa mlangoni hakugusa mwiko. Chungu cha pili kilikuwa na mwingine, cha tatu mwingine, kila mmoja na nyama yake, wala hawakupika kitu kimoja. Leo nikisoma mtu akieleza mambo haya ya kompyuta kwa michoro na mishale, huwa nasikia moshi machoni. Niliwaacha Mwanjaa na Raya, nikaenda kukaa nyuma ya pipa la maji kumenya vitunguu, na nilivimenya vyote bila kuvihesabu, kwa furaha, nikilia. "Tunu ana nini?" nilimsikia mama mmoja akiuliza. "Vitunguu," mwingine akamjibu. "Na umri."

Jumatatu niliifungua ile sura ya mwongozo wa kuandika kurasa niliyokuwa nimeiruka tangu mwanzo kwa sababu ilinichosha kuitazama tu. Na kumbe humo ndimo jibu lilimokuwa. Msimbo, yale maagizo yanayouendesha ukurasa, una kitu ambacho wenyewe wanakiita mfanyakazi. Unamwita, unampa kazi yake, anakwenda kuifanyia kando, kwenye kiini kingine kikiwepo, na mkono wa ukurasa unabaki huru. Mfanyakazi haruhusiwi kuugusa ukurasa. Hawezi kuchora mstari, hawezi kumgusa pweza, hawezi kumwona mgeni. Anapeleka ujumbe, anapokea ujumbe, basi. Na unaweza kukiuliza kivinjari chenyewe mashine hii ina viini vingapi. Nikauliza. Kikajibu: nne. Sijui kama mtu ataelewa, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza swali mbele ya wenzangu, na nilijibiwa.

Kazi haikuisha siku hiyo. Kwanza kivinjari kilikataa kabisa kumwajiri mfanyakazi kutoka kwenye faili lililofunguliwa moja kwa moja mle ndani ya mashine, kwa sababu za usalama, mpaka Mwalimu Mhando alipotuwekea seva ndogo ndani ya mashine ile ile, ukurasa upitie mlango rasmi. Halafu niligawa miaka kumi kwa wafanyakazi watatu na nikasahau kuunganisha, mstari wa maji ukaruka ghafla kama bahari imetoroka. Mwanjaa akauona kabla yangu. "Hapa mwaka umekatika, Tunu. Mama yangu ataingia wapi, shimoni?" Nikarekebisha. Alhamisi mchana, mihogo imepoa kwenye gazeti, nikabonyeza kuanza, na pweza akapunga. Akaendelea kupunga. Hesabu ilikuwa inakwenda, feni inakoroma, kidirisha kiko juu, na pweza anapunga mikono yote minane kama mtu anayeaga meli. Raya akabadilisha mwezi, ukabadilika. Akasogeza ukurasa juu na chini, ukasogea. Mwanjaa hakusema utani wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilipogeuka alikuwa anajifuta macho kwa ukosi wa shati. Jibu lenyewe likaja mapema mno kuliko tulivyozoea, wapishi watatu wamegawana.

Mkuu aliletwa. Alitazama, akasogeza miwani, akambonyeza pweza mwenyewe kwa kidole kwenye kioo, kana kwamba anampima mapigo. "Mwalimu Mhando," akasema, "hizi si zile mashine zilizochoka?" "Ndizo, mama." "Ah!" Akatoka. Sabuni ya mwani ikaambiwa ingoje mwaka mwingine.

Maonyesho yalifanyika mjini, kwenye ukumbi wenye mapazia mazito na joto la kutosha kupikia. Tulikubaliana Raya aseme, Mwanjaa aonyeshe, mimi nikae nyuma ya meza nihakikishe waya haunasi miguu ya watu. Jaji aliyefika kwetu alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, sauti kavu. Raya akaanza vizuri sana, asalamu alaikum na shukrani na madhumuni ya mradi. Jaji akamkatiza. "Nani ameandika msimbo?" Raya na Mwanjaa, wasaliti wale, wakaninyooshea kidole kwa pamoja. "Basi aseme yeye."

Ulimi wangu ukaganda. Naliandika hili kama lilivyokuwa. Nilimtazama mama yule, na nilikuwa na maneno yote, na hakuna hata moja lililotoka. Naye hakunisubiri. Alibonyeza kuanza, kisha, wakati hesabu inakwenda, akaanza kuusumbua ukurasa makusudi: akabadili mwezi, akausogeza, akabonyeza hiki na kile, kama mtu anayetafuta kuuona ukikwama. Haukukwama. Kila alichogusa kilimwitikia palepale. Nikaona aibu ya ajabu, kwamba ukurasa nilioufundisha kuitikia wageni ulikuwa unaitikia, na mimi niliyeufundisha nimesimama kama ukuta.

"Una wafanyakazi watatu humu," jaji akasema, ameshaufungua msimbo wenyewe. "Mbona umebana? Ungeweka kumi."

"Mashine ina viini vinne, mama," nikasikia mtu anasema, na alikuwa ni mimi. "Nikiweka kumi, wote watagombea majiko yale yale manne. Na kimoja nimekiacha cha mlangoni, kiwe kinapokea watu."

"Na nikiufungua kwenye mashine ya viini viwili?"

"Ukurasa unauliza kwanza. Kivinjari kinataja idadi ya viini, sisi tunaajiri mmoja pungufu. Ya viini viwili itachelewa, lakini haitaganda. Kuchelewa na kuganda si kitu kimoja, mama. Anayechelewa ukimwita anakuitikia."

Akavaa miwani yake, akaketi kwenye kiti changu, akasema, "Haya, nianzie mwanzo. Usiharakishe." Nikamweleza. Nilimweleza habari za mkono mmoja wa kazi ndani ya ukurasa, na vichupo vinne vya Mwanjaa, na Bi Zaina na harusi ya wali mweupe. Watu wakasimama nyuma yake, wakawa safu, wakawa duara, na mimi nikaendelea kusema. Mwanjaa aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nachora hewani kwa mikono yote miwili. "Pweza mwenyewe," akasema.

Jioni walipotaja wa kwanza, walitaja shule yetu. Sikusikia lililofuata kwa sababu Mkuu wa shule, mwanamke ambaye hatukuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwenye paredi, alipiga kigelegele kirefu kilichotoka tumboni, akatuvamia na udi wake wote. "Nilijua mimi! Alikuwa amelala tu yule!" Mwalimu Mhando alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka. Wasichana wa sabuni ya mwani walituletea vipande vitatu, kimoja kila mmoja, vimefungwa kwa utepe, nasi tukavinusa kwa zamu na tukakubaliana kwamba ni sabuni nzuri kweli. Tukala chipsi mayai kwenye benchi nje ya ukumbi, na kila aliyepita akiniuliza kitu, nilimjibu.

Tulilala Ushongo usiku ule, kwa mama yake Mwanjaa, ambaye alisikiliza habari yote huku akitupakulia ugali na dagaa, kisha akauliza swali moja tu: "Na kesho huo ukurasa wenu unasemaje?" Nikatazama kwenye simu, nilikokuwa nimehifadhi picha ya mstari wa maji. Unasema maji yataishia kupwa saa nne na dakika kumi na mbili. "Haya," akasema, "kesho tutaonana nao baharini."

Asubuhi nilikwenda na mama yake Mwanjaa mwambani, sketi nimeikunja, viatu mkononi. Yeye na wenzake walienda mbali, wamechutama na vijiti vyao, vichwa chini kwenye matundu. Mimi nilibaki ukingoni pa maji na kijiti changu nimekichomeka mchangani, pale pale bahari ilipokuwa imefika, nikatazama saa ya simu, nikatazama kijiti. Maji yalisogea nyuma, nami nikakisogeza kijiti. Yakasogea tena, kidogo. Yakasimama. Saa nne na dakika kumi na mbili ikapita, na muda si mrefu wimbi jembamba, kama ulimi wa paka, likaja likakilamba kijiti changu na halikurudi nyuma. Nikavuta pumzi, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote kuelekea kule waliko:

"Yamegeuka! Yanajaa!"

Wanawake wakainua vichwa, mmoja baada ya mwingine. Mama yake Mwanjaa akasimama, pweza ananing'inia kwenye kijiti chake, akapaza sauti: "Tumeshaona, mwanangu! Lakini sema tena, mbona sauti nzuri hiyo!"

Nikasema tena.